Mirathi Isigeuzwe Gulio la Ardhi

Tangu eneo la Likong'o lilipotengwa kwa mradi wa gesi asilia, kila mwenye mtaji anajua kwamba pwani ya Lindi haitabaki kuwa nchi ya minazi na mikorosho tu. Ni wajibu wetu basi kuangalia ardhi hiyo itanunuliwa kwa njia zipi.

Huko Marekani iko biashara kamili ya kupekua majalada ya mirathi mahakamani. Mnunuzi hutazama nani amefariki, ameacha nini, na mrithi yupi ana shida ya fedha, kisha humwendea na bei ya kutupa. Njia hiyo ikifika Sudi, Songo Songo au Kilwa Kisiwani, itakuta mlango wazi. Mashamba mengi hayana hati, warithi wametawanyika hadi Dar es Salaam na Unguja, na mjane ndiye aliyebaki shambani.

Mirathi hutangazwa kwa sababu njema. Mahakama ya Mwanzo hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze na mdai adai haki yake. Msimamizi akisha kuteuliwa, hana budi kuwasilisha orodha ya mali na madeni katika miezi 4. Sheria ya Kiislamu nayo imeweka utaratibu: madeni na wasia kwanza, kisha mafungu, na mjane wa marehemu aliyeacha watoto ana thumuni yake. Anayenunua kwa mrithi mmoja kabla ya hayo hakununua shamba, amenunua kesi.

Wala jambo hili si la ukoo peke yake. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alipinga ardhi kugeuzwa bidhaa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inataka idhini ya halmashauri ya kijiji kabla ya haki ya kimila kuhamishwa, na inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Hatusemi kwamba mrithi asiuze fungu lake, wala kwamba mtaji ufukuzwe. Tunasema kwamba viongozi wa vijiji wasigonge muhuri mpaka waone barua ya usimamizi na ridhaa ya warithi wote, wake kwa waume, walio karibu na walio mbali. Mjane aulizwe kabla ya bei kukatwa, si baada yake.