Uwanja Kama Kiberiti

Sisi wa Rungwe Mpya hatuna makuu. Tumetoka kwenye maharage, tumelipa mia tano mlangoni, tumebanana kwenye mabenchi ya kibanda umiza, tunachotaka ni kuona mpira. Tivii ya mwenye banda ni inchi 32, na kwetu hiyo ndiyo kubwa. Sasa kuna mtu huko studio, mwenye kioo kama mlango, anaamua kutukatia hizo inchi 32 mapande. Picha inaminywa juu kushoto, chini linapita tangazo, pembeni limesimama tangazo, kona ya juu pana neno MUBASHARA, tusije tukadhani ni mechi ya jana. Uwanja unabaki kama kiberiti. Wa nyuma wanauliza nani ana mpira. Wa mbele nao hawajui.

Hata usiwe mpira. Mjadala wa jioni una wachambuzi wanne kwenye vidirisha vinne: watatu wanatikisa vichwa, wa nne mtandao umemgandisha mdomo wazi. (Mkalimani wa lugha ya alama simsemi. Kidirisha chake kina kazi, na wangekikuza.)

Kugawa kioo kuna siku yake jamani. Tarehe 24 Januari 2024, saa tano usiku, kwenye AFCON, Taifa Stars ilikuwa Korhogo na Kongo, na dakika hizohizo Zambia ilikuwa San Pédro na Morocco. Mechi za mwisho za kundi huchezwa pamoja kwa sababu kwenye Kombe la Dunia la 1982 Ujerumani Magharibi na Austria zilimalizana 1-0 iliyozifaa zote mbili, Algeria iliyokuwa imeshamaliza mechi zake ikatolewa. Wakongo tunao jirani hapo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu 1996, kwa hiyo hakuna aliyelala. Siku hiyo ndiyo tuliyataka madirisha mawili. Tukapata moja. Ya Zambia tukaletewa na kijana aliyepanda juu ya benchi kutafuta mtandao. Sisi 0-0. Tukarudi nyumbani, na Stars nayo ikarudi.

Juzi tena. Kona imepigwa, tumesimama wote, picha ikaminywa. Kelele za goli tukazisikia, mfungaji hatukumwona. Mzee mmoja akasogea hadi kwenye kioo, akavaa miwani, akatusomea tangazo lililotuziba.

Lilikuwa la tivii ya inchi 65.