Wanasema Ni Nguvu Tu

Kuna usemi ambao nimeusikia kwa wasomi wenzangu tangu nilipoanza kazi ya ualimu hadi leo nikiwa mstaafu, nao ni kwamba kazi ya mwili haihitaji akili. Mama anashuka kutoka Magamba kwenda sokoni Lushoto, tenga la kabichi kichwani, mtoto mgongoni, mikono yote miwili i huru kana kwamba hakubeba kitu. Msomi aliyeketi garini humtazama, akatikisa kichwa na kusema, "Hawa watu wana nguvu!" Hudhani amesifu. Mimi nasema ametukana, tena ametukana kwa kutojua.

Hebu ndugu msomaji tuutazame mwendo wa mama huyo. Njia zetu za Usambara hazina tambarare. Ukitoka kwenye mteremko unaingia kwenye mpando, na udongo mwekundu ukinyeshewa huwa kama sabuni. Mguu wa mama unateleza kidogo, kiuno kinajipinda, tenga linatulia, naye hakukatiza hata neno moja la mazungumzo yake na mwenziwe. Ni nani aliyeamuru kiuno?

Uti wa mgongo ni vipande vya mifupa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ukiondolewa misuli, sehemu yake ya kiunoni hupinda chini ya uzito ulio mdogo kuliko ule wa kiwiliwili chenyewe. Kinachousimamisha ni misuli ya tumbo, ya mgongo na ya kiuno, pamoja na kile kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na misuli iliyotandazwa chini ya nyonga. Yote ikikazwa kwa pamoja, mtu huwa gogo: hawezi kuinama wala kuvuta pumzi vizuri. Ikilegea yote, ataanguka. Basi kila msuli hauna budi kukaza kwa wakati wake na kwa kiasi chake, na kulegea vivyo hivyo. Kazi hiyo ya kupanga zamu hufanywa na mfumo wa fahamu, unaopokea habari kutoka nyayoni, kwenye viungo, machoni, na kwenye mizani ndogo zilizomo ndani ya sikio.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba fahamu haingoji kuyumba ndipo irekebishe. Mwaka 1967 wataalamu wa Moscow, Belenkii, Gurfinkel na Paltsev, walionyesha kwamba mtu aliyesimama akitaka kuinua mkono, misuli ya miguu na kiwiliwili huanza kazi kabla ya msuli wa mkono wenyewe. Mwaka 1996 Hodges na Richardson wa Australia waliona jambo hilo hilo kwenye msuli wa ndani kabisa wa tumbo, ule unaozunguka kiuno kama mkanda. Kwa watu wazima wa afya msuli huo ulitangulia kukaza. Kwa wale wenye maumivu ya mgongo ulichelewa. Maana yake ni kwamba mwili hutabiri. Unakadiria msukosuko ambao haujatokea, ukauandalia kinga. Kama huko si kufikiri, basi nataka msomi wetu wa garini anieleze kufikiri ni nini.

Tena asiniambie kwamba hayo ni mambo ya misuli, si ya ubongo. Ule ubongo mdogo wa nyuma, unaoitwa serebela, ambao kazi yake kubwa ni kulinganisha mwendo, ni kama sehemu 1 tu kati ya 10 ya uzito wa ubongo wote, lakini umebeba zaidi ya nusu ya chembe zake za fahamu. Muumba hakuweka hazina yote hiyo mahali pasipo na kazi ya akili.

Ushahidi mwingine uko karibu nasi. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha vipimo vya kina mama wa Kiluo na Kikikuyu nchini Kenya, Wajaluo wakibeba kichwani, Wakikuyu wakibeba mgongoni kwa kamba inayopita pajini pa uso. Mzigo ulipofikia sehemu 1 kati ya 5 ya uzito wa mwili, kina mama hao hawakutumia nguvu zaidi ya walizotumia wakitembea mikono mitupu. Mwaka 1995 Heglund na wenzake wakaeleza siri yenyewe: katika kila hatua mwili hupanda na kushuka mithili ya timazi ya saa ya ukutani, na kina mama hao, wakiwa na mzigo, hupoteza nguvu kidogo zaidi baina ya kupanda na kushuka. Basi si kwamba wana nguvu nyingi kuliko sisi. Wanatumia chache! Wamezoea tangu utotoni, na fahamu zao zimesoma somo ambalo halikuandikwa ubaoni.

Sitaki kutia chumvi. Watafiti waliopima kina mama wa Kixhosa huko Afrika Kusini, wakachapisha matokeo mwaka 2010, hawakukuta nafuu hiyo kwa jumla. Walikuta tofauti kubwa baina ya mtu na mtu, na malalamiko ya shingo. Hilo halivunji hoja yangu, bali laitia nguvu. Kitu kinachotofautiana hivyo baina ya watu waliokulia mazingira mamoja ni ufundi, na ufundi hujifunzwa, kwa hiyo waweza kufundishwa vizuri, kufundishwa vibaya, au kuachwa ukafa.

Hapo ndipo ninapogombana na shule zetu. Mtoto wa miaka saba anaketishwa kwenye dawati kuanzia asubuhi. Kipindi cha michezo kimo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini mtihani ukikaribia ndicho cha kwanza kunyang'anywa, kikapewa hesabu. Nimekaa kwenye vikao ambamo jambo hilo lilipitishwa bila mtu kuinua mkono, kana kwamba kuruka, kutambaa, kupanda mti na kukimbia mteremkoni ni kupoteza wakati. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi tunamkausha kwanza, kisha tunashangaa akivunjika.

La pili ni baya zaidi. Mwanafunzi akikosea, adhabu yake ni nini? Akachote maji. Akabebe mawe. Akalime. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka kazi iwe sehemu ya elimu. Sisi tumeifanya kuwa kiboko. Mtoto aliyefundishwa kwa miaka saba kwamba ndoo ya maji ni malipo ya ujinga, atamtazamaje mama yake anayebeba ndoo kila siku?

La tatu ni ile amri ya "kaza tumbo, nyoosha mgongo!" inayopigwa mstarini, na siku hizi hata kwa wagonjwa wa mgongo. Mtu hawezi kuamuru msuli mmoja mmoja huku anatembea, kama asivyoweza kuamuru kila ulimi wa herufi huku anazungumza. Mrusi Bernstein alipopima mafundi wakipiga nyundo katika miaka ya 1920, aliona kwamba nyundo hufika palepale, lakini njia ya bega, kiwiko na kiganja haikuwa ile ile mara mbili. Fundi hakukariri mwendo. Alijua kuutafuta upya kila mara. Ndiyo maana fahamu hufundishwa kwa kutenda, kwa mizigo midogo inayoongezwa polepole, katika ardhi ya namna mbalimbali. Hata mgongo unaouma kwa muda mrefu husaidiwa zaidi na mazoezi ya taratibu kuliko kulala kitandani.

Najua nitajibiwa: "Mzee anawasifu wanawake ili waendelee kubeba." Hasha! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi sikubeba tenga kutoka Mlalo hadi leo nisifie uchungu wake. Utafiti wa Kenya ulihusu mzigo wa kiasi. Juu ya kiasi hicho gharama ya mwili hupanda, na matenga ninayoyaona mimi yamekipita mbali. Barabara zijengwe, mabomba yafike mitaani, na mwanamume mwenye kichwa kizima naye aweke kata atwishwe. Lakini tuupunguze mzigo huku tukimheshimu mbebaji kama mjuzi, tumlipe kama mjuzi, tusiwe kama wale wanaomhurumia kama mnyama wa kazi.

Kwa walimu vijana nina maombi mawili tu, nayo hayahitaji bajeti. Kirudisheni kipindi cha michezo mahali pake, mtihani uwepo usiwepo. Na kuanzia wiki ijayo, mtoto akikosea, mtafutieni adhabu nyingine. Ndoo ya maji mwachieni yule aliyefanya vizuri, aibebe mbele ya wenzake, nanyi mwaelezeni darasa zima kiuno chake kinafanya nini.