Mtoto wa mdogo wangu ananiita 'zia'

Wazazi wenzangu, leo niwieni radhi nitoke kidogo kwenye mambo ya karo na daftari. Agosti nilikuwa Siena, mji wa kale katikati ya Italia, pamoja na wanangu wawili, wa miaka 10 na 6. Tulikwenda kumtembelea mdogo wangu aliyeolewa huko. Sisi ni watu wa Malindi, na anayeijua Malindi hahitaji kuelezwa jinsi binti wa kwetu anavyokutana na Mwitaliano.

Nakiri kwamba nilikwenda na langu moyoni. Mama yetu ana miaka 74, na mjukuu wake wa Siena, mwenye miaka 9, hajamtia machoni ila kwenye simu. Aliniagiza hivi: "Kamuulize mdogo wako, mjukuu amenificha kwa kosa gani?" Swali hilo nililifutika kibindoni, nikapakia kanga nne na chupa mbili za achari. Maembe aliyotaka tubebe tuliyaacha, maana matunda mengi mabichi hayaingii Ulaya bila cheti cha afya ya mimea. Nyama na maziwa ndiyo usijaribu kabisa.

Kwa anayepanga safari kama hii: viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya hapo hawalipi. Utahitaji bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 na barua ya mwenyeji, na kwa kuwa baba watoto hakusafiri nasi, ilibidi atupe idhini ya maandishi. Tulipofika, shemeji alikuwa na saa 48 za kutuandikisha polisi kama wageni wake. Mambo ya makaratasi yakaishia hapo.

Mlangoni binti akanisalimia, "Ciao, zia." Zia ni shangazi, ni mama mdogo, ni mama mkubwa, yote kwa pamoja. Kwetu mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu, ananiita mama mkubwa. Nilitabasamu, lakini neno lile lilinichoma. Kiswahili chake kilikuwa "jambo" na "asante", basi, kama mtalii wa ufukweni.

Siku ya pili tulikwenda kwa mama mkwe wa mdogo wangu. Mwanangu mkubwa, kwa mazoea, akainama akamwambia, "Shikamoo." Yule bibi akauliza amesema nini. Binti naye hakujua, akamgeukia mama yake. Mdogo wangu akaeleza polepole, na niliona uso wake ukibadilika. Bibi akafurahi kupita kiasi, akawafunga watoto wote aproni na kuwafundisha kusokota pici, tambi nene za Siena za unga na maji tu. Watoto watatu wasio na lugha moja walisokota unga mchana kutwa na kugombana kwa vidole kuhusu tambi ya nani ni ndefu. Huyo wa miaka 6 alitengeneza nyoka.

Sasa niwaeleze sherehe yenyewe. Siena ina mitaa 17, na kila mmoja una bendera, rangi, kanisa na mnyama au alama yake. Mara mbili kwa mwaka, Julai 2 na Agosti 16, mitaa 10 hushindana kwa mbio za farasi zinazoitwa Palio. Uwanja mkuu wa mji humwagwa udongo juu ya mawe, farasi huzunguka mara tatu, wapandaji hawana tandiko, na mambo huisha kwa kama dakika moja na nusu. Farasi akimwangusha mpandaji wake na kufika wa kwanza peke yake, mtaa wake umeshinda. Zawadi ni bendera ya hariri iliyochorwa, hakuna pesa.

Miongoni mwa alama hizo kuna twiga, kifaru, na ndovu aliyebeba mnara. Mwanangu akashangaa, "Mama, wanyama wetu wanafanya nini huku?" Papo hapo akaninunulisha skafu ya mtaa wa Twiga kwenye duka la watalii, akaivaa shingoni hadi mtaa wa binamu yake.

Binti alipoiona alitokwa machozi. Si utani. Alimvua ile skafu, akaikunja, akaitia mfukoni mwa mama yake, kisha akavua yake mwenyewe akamfunga. Mdogo wangu alinieleza kwamba mtoto huyu alibatizwa kwenye chemchemi ya mtaa wao, na ukishabatizwa pale huhami hata ukihamia Marekani.

Usiku wa Agosti 15, siku ambayo Italia nzima imefunga maduka, tulikula barabarani. Meza ndefu ziliunganishwa toka kona hadi kona, vijana wa mtaa ndio waliopakua, wazee waliimba. Kila mzee aliyepita alimshika binti yetu kichwa na kumwita kwa jina. Nilikuja nikidhani mtoto amepotea. Pale mezani aliyepotea nilikuwa mimi, nikitafuta uma.

(Ushauri wa haraka: siku ya mbio, katikati ya uwanja ni bure, lakini mtasimama saa nyingi juani bila choo na bila njia ya kutoka. Mwenye watoto aende kwenye mbio za majaribio, siku chache kabla. Hapo watoto wa mitaa hukalishwa jukwaani na huimba kwa sauti zao zote.)

Usiku ule nilimuuliza mdogo wangu swali la mama. Hakukasirika. Alisema, "Dada, nitampeleka Malindi akae kimya sebuleni, watu waseme nimezaa Mzungu? Kila mwaka najiambia, kwanza ajifunze Kiswahili. Na kila mwaka naona aibu zaidi." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi makali. Yote yalinitoka, kwa sababu ni mimi niliyecheka, mwaka ule mtoto alipojaribu kusema "bibi" kwenye simu akasema "pipi". Mimi na ndugu zangu wote tulicheka. Mdogo wangu anaikumbuka siku hiyo hadi saa ya simu ilipopigwa.

Mtaa wao haukushinda. Watu wazima walilia, na binti hakula chakula cha usiku.

Kesho yake mama alipiga simu ya video. Mwanangu akamsukuma binamu yake kwa kiwiko, naye binti, macho bado yamevimba, akasogea na kusema, "Shikamoo, bibi."

Hakuna aliyecheka. Mama alinyamaza kwanza, kisha akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Unakuja lini?"

Mdogo wangu alikuwa kwenye sinki, ametupa mgongo, maji yanamwagika bure. Hakujibu siku ile. Lakini juzi ameniandikia kuniuliza nauli ya Mombasa ya mwezi wa Disemba, na kama mama bado ana kile kitanda kidogo.