Deni na Ndama kwenye Kiwele Kimoja

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe.

Ndugu Mkurugenzi,

Nina ombi lenye miguu minne.

Februari hii, jua likiwa utosini, nilisimama bandani kwa jirani yangu. Ng'ombe wake alikuwa na siku tano tangu azae. Ndama alivuta mara mbili tatu, akaachia chuchu, akakipiga kiwele kwa kichwa, akarudi kunyonya, akapiga tena. Mgeni angesema huyu ana nguvu. Mfugaji anajua kwamba kilichokuwemo kimekwisha na mtoto anadai. Horini mlikuwa na mabua ya mahindi tu, na ndoo ya maji imefika nusu.

Jirani akaniuliza dawa. Dawa gani? Maziwa ni maji sehemu 87 kwa 100. Ng'ombe mwenye kiu atatoa nini? Tena maziwa ya ndama huyu yalitakiwa kuandaliwa tangu Desemba. Ng'ombe mwenye mimba huachwa kukamuliwa siku 60 hivi kabla ya kuzaa ili kiwele kipumzike, na wiki za mwisho huongezewa pumba na mashudu kidogo kidogo. Huyu alikamuliwa karibu mpaka anazaa, kwa sababu mwenyewe ana marejesho ya mkopo kila mwezi. Dang'a ndama alipata mapema, nashukuru, la sivyo tungekuwa tunazungumza habari za ngozi.

Mkopo ule haukutoka kwenu, wala simlaumu aliyeutoa. Hela ni hela. Lakini ninyi mna mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kikija kuomba ng'ombe, naomba bei ya ng'ombe isiwe ndiyo hesabu yote. Wekeni na magunia ya pumba na mashudu, na pipa la maji. Marejesho yaanze ndama akiwa na miezi mitatu, ameshajua kula majani. Na afisa mifugo wa kata apangiwe kufika miezi miwili kabla ya kuzaa. Akija baadaye, anakuta mambo yameshaharibika, anabaki kuandika dawa ya minyoo.

Huku Tanga kukopesha ng'ombe si jambo geni. Ule utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe ulikuwa na akili ambayo sijui kwa nini tuliidharau: deni lililipwa kwa mtamba. Aliyekopa alimnyonyesha ndama vizuri kwa sababu ndama ndiye aliyekuwa marejesho yenyewe. Deni la fedha taslimu limegeuza mambo, sasa kila lita anayonyonya mtoto inahesabiwa kuwa hasara.

Jirani yangu ameanza kukata matete mtoni na matawi ya lukina, na ndoo za maji zimekuwa nne kwa siku. Ndama amemwachia chuchu mbili za nyuma, ambako ndiko kwenye maziwa mengi. Yeye anakamua za mbele. Ndama ameacha kupiga kichwa. Fedha ya mwezi huu haijatimia, na siku ya kulipa ni Ijumaa.

Wako,
Mfugaji wa Kerenge