Bastola gizani: askari afundishwe kuona kabla ya kupiga

Usiku wa kuamkia Februari 4, 1999, Amadou Diallo, kijana wa Kiguinea mwenye umri wa miaka 23 aliyekuwa akichuuza vitu vidogo vidogo barabarani mjini New York, alikuwa mlangoni mwa nyumba aliyokuwa akiishi huko Bronx. Askari wanne waliovaa kiraia wakamwendea. Diallo akatia mkono mfukoni na kutoa pochi. Askari wakasema wameona bastola. Zikapigwa risasi 41, na 19 kati ya hizo zikampata. Mwaka uliofuata baraza la juri mjini Albany likawaachia huru askari wote wanne, na mwaka 2004 jiji la New York likakubali kuilipa familia yake dola milioni 3.

Kwetu sisi Waafrika tuishio ughaibuni jina la Diallo halijafutika, na wala halitafutika. Mengi yamesemwa juu ya ubaguzi wa rangi katika kisa kile, na yalistahili kusemwa. Lakini pembeni yake liko suala jengine ambalo halipewi uzito wake, nalo ni la giza. Mtu anayepewa bastola na kutumwa mitaani usiku wa manane amefundishwa nini juu ya usiku wenyewe?

Tuanze na jicho. Binaadamu akitoka kwenye mwanga mkali na kuingia gizani, macho yake huhitaji dakika 20 hadi 30, na pengine zaidi, kabla ya kulizoea giza vyema. Mwanga mmoja mkali ukimpiga usoni, hurudi alikoanzia. Na hata akishalizoea, jicho la gizani halitambui rangi, na kile anachokikazia macho moja kwa moja hukiona vibaya kuliko kilicho pembeni. Kwa hiyo askari aliyeshuka sasa hivi kwenye gari lenye taa na kuingia uchochoroni huona umbo na mkono unaosogea, lakini hajui mkono huo umeshika nini. Pale ambapo jicho limeshindwa, akili hujaza pengo, na hujaza kwa kile inachokiogopa. Hapo ndipo simu, pochi na funguo zinapogeuka bastola, na hapo pia ndipo chuki ya rangi inapopata mwanya.

Sasa tutazame mazoezi. Desturi iliyozoeleka ni kumpeleka askari kwenye uwanja wa shabaha mchana kweupe, kumsimamisha mbele ya karatasi isiyosogea, kumhesabia matundu aliyotoboa na kumpa cheti. Karatasi haina mtoto nyuma yake, wala haitii mkono mfukoni. Haya si madai yetu tu. Mwaka 1979, katika kesi ya Popow dhidi ya Mji wa Margate, mahakama ya shirikisho huko New Jersey ilikataa kuufutia mji huo mashtaka baada ya askari aliyekuwa akimkimbiza mtuhumiwa usiku kumuua mkaazi asiye na hatia. Askari yule alikwenda uwanja wa shabaha mara kwa mara, lakini hakufundishwa kupiga usiku, wala kulenga kitu kinachosogea, wala kutumia silaha katikati ya makaazi ya watu. Na Margate ni mji wa makaazi. Kwa maneno mengine, alifundishwa kazi ambayo si yake.

Kesi hiyo imeshapita miongo minne, na somo lake halijaenea kama lilivyostahili. Taasisi ya utafiti ya RAND, iliyoombwa na polisi wa New York kuchunguza mafunzo yao, ilieleza mwaka 2008 kwamba kati ya 1998 na 2006 askari wa jiji hilo waliporushiana risasi na watu walilenga sawasawa kwa asilimia 18 tu. Hata pale waliposhambulia bila ya kujibiwa, ilikuwa asilimia 30. Wachunguzi hao walishauri mazoezi zaidi ya kuigiza matukio halisi. Msomaji ajiulize: risasi zilizobaki ziliishia wapi?

Moja tunajua ilipoishia, ingawa hiyo haikulengwa kwa mtu yeyote. Novemba 20, 2014, huko Brooklyn, askari chipukizi Peter Liang alikuwa akipiga doria kwenye ngazi za jengo la Pink Houses. Taa za ngazi zilikuwa hazifanyi kazi. Alikuwa na tochi mkono mmoja na bastola mkono mwengine. Alisema mahakamani kwamba alishtushwa na kishindo na silaha ikalia. Risasi ilipiga ukuta, ikadunda, ikamkuta Akai Gurley, mwenye umri wa miaka 28, ambaye alikuwa akiteremka zake ghorofa ya chini. Gurley hakuwa na silaha, hakuwa na kosa, na Liang wala hakumuona. Februari 2016 juri lilimtia Liang hatiani kwa kuua bila kukusudia. Jaji baadaye alilipunguza kosa na kumpa kifungo cha nje cha miaka 5 na saa 800 za kuitumikia jamii.

Tukio hili linafundisha kuliko vitabu vingi. Hapakuwa na jambazi wala mapambano. Palikuwa na giza, kishindo, na mtu mwenye bastola mkononi ambaye hajaona kitu. Kama mwili wake ungekuwa umezoezwa kwamba gizani taa hutangulia, bastola hukaa kwenye ala mpaka pawepo sababu, na kidole hakigusi kifyatulio mpaka uamuzi wa kupiga umeshafikiwa, pengine Gurley angekuwa hai.

Basi mazoezi ya kweli ya gizani ni yepi? Wakufunzi wanaojua kazi yao hawaanzi na giza. Huanza na mwanga, tena kwa silaha isiyo na risasi au bastola ya plastiki yenye rangi kali isiyoweza kufyatua. Mwanafunzi hurudia kuwasha na kuzima tochi, kutoa silaha na kuirudisha, kujaza risasi kwa kupapasa, mpaka mikono ifanye hayo bila ya kutazamwa. Ndipo taa hupunguzwa kidogo kidogo. Giza totoro si lazima, kwani usiku wa mjini ni vivuli, taa ya barabarani iliyo mbali na mwanga wa gari. Huo ndio uigizwe.

Kisha huwekwa shabaha zenye picha za watu. Huyu kashika simu, yule kashika bastola, mwengine kashika mtoto. Mwanafunzi humulika, huamua, husema kwa sauti anachokiona, na mara nyingi jawabu sahihi ni kutopiga. Akipiga picha ya mwenye simu ameshindwa mtihani, hata kama risasi imepita katikati kabisa. Hii ndiyo tofauti kubwa na uwanja wa mchana, kwani shabaha nzuri kwa mtu asiyestahili ni kosa baya zaidi.

Usalama nao una kanuni zake, na gizani kanuni hizo haziregezwi, bali hukazwa. Kila silaha huhesabiwa kuwa ina risasi. Mtutu hauelekezwi kwa kitu ambacho mtu hayuko tayari kukiangamiza. Kidole hukaa nje ya kifyatulio. Na mpigaji ahakikishe analolilenga na kilichoko nyuma yake. Juu ya hizo nne, usiku huongezewa nyengine: msimamizi wa kila mpigaji au wawili, vijiti vya mwanga migongoni ili kila mtu aonekane alipo, neno moja la kusimamisha zoezi ambalo yeyote anaweza kulitamka, na taa zote kuwashwa kabla ya mtu kupiga hatua kwenda mbele.

Wapo wanaosema kwamba zoezi likiwa halisi mno litaua, na likiwa salama mno halitafundisha. Matukio wanayoyataja ni ya kweli. Agosti 2016, mjini Punta Gorda, Florida, polisi waliwaalika raia kuonyeshwa namna askari anavyoamua kupiga au kutopiga. Askari alitumia bastola iliyodhaniwa kuwa na risasi za mlio tu. Zilikuwa za moto. Mkutubi mstaafu mwenye umri wa miaka 73 akauawa mbele ya mumewe. Mwaka 2013, karibu na Baltimore, mkufunzi alimpiga kichwani mwanafunzi wake kwa bastola halisi akidhani ameshika ya rangi. Mwanafunzi alinusurika, lakini alipoteza jicho.

Tukiyatazama vizuri, hayo hayakusababishwa na uhalisi. Yalisababishwa na silaha halisi kuingia mahali ambapo haikutakiwa iwepo. Dawa yake ni kongwe na haina gharama: kabla ya zoezi la kuigiza, bastola zote za kazi na risasi zote za moto hutolewa eneo hilo, kila mtu hupekuliwa na mwenzake, na msimamizi naye hupekuliwa. Asiyepekuliwa haingii. Uhalisi na usalama si maadui. Wote wawili hutaka kitu kimoja, nacho ni mtu kujua hasa mkononi mwake mna nini na mbele yake yuko nani.

Tuwe waangalifu pia na biashara ya vifaa. Siku hizi taa hufungwa chini ya mtutu, na wengi hudhani tatizo limekwisha. Mwaka 2010 mjini Plano, Texas, askari aliyemuua mtu alieleza kwamba alikusudia kubonyeza swichi ya taa, akabonyeza kifyatulio. Na hata pasipo ajali ya namna hiyo, anayemulika kwa taa ya bastola humuelekezea mtutu kila anayemtazama, awe mwizi au mwenye nyumba. Ndiyo maana tochi ya mkononi haina budi kubaki, na mafunzo yatangulie kifaa.

Haya si ya Marekani pekee. Nyumbani Afrika Mashariki, usiku ni wakati wa misako, vizuizi vya barabarani na amri za kutotoka nje. Machi 30, 2020, siku chache tu baada ya Kenya kutangaza amri hiyo kwa sababu ya korona, Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13, aliuawa kwa risasi usiku akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, Nairobi. Polisi walisema ni risasi iliyopotea. Juni mwaka huo askari mmoja akashtakiwa kwa mauaji.

Oktoba 23, 2022, mwandishi wa khabari wa Pakistan aliyekuwa uhamishoni, Arshad Sharif, aliuawa usiku na polisi wa Kenya huko Kajiado. Walisema walilifananisha gari lake na jengine lililoibiwa. Familia yake na wachunguzi wa Pakistan hawakukubali kwamba ni bahati mbaya, na Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado ilitamka kwamba kuuawa kwake kulikuwa kinyume cha sheria na kuamuru fidia ya shilingi milioni 10. Sisi tulioacha kwetu kwa sababu ya kalamu tuliisoma khabari ile kwa namna yetu. Mafunzo hayawezi kumzuia anayekusudia kuua. Lakini askari wakiwa wamefundishwa na kupimwa hadharani, maneno ya "kulikuwa giza" na "tulidhani" hayatatosha tena kuwa kinga. Tunamtaka askari aliyefundishwa kuona ili awe na la kujibu pale anapodai kuwa hakuona.

Itasemwa kwamba hakuna fedha. Bastola ya plastiki, tochi, picha za kubandika na chumba kinachozimika taa si vitu vya kufilisi serikali. Kinachogharimu ni fidia, na fidia haimrudishi mtu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, popote ulipo, polisi wakija kwenye mkutano wa mtaa au mbunge akiomba kura, waulize: askari wenu hufanya mazoezi ya usiku mara ngapi kwa mwaka? Je, hupimwa kwa kutopiga au kwa kupiga tu? Nani hupekua silaha kabla ya zoezi? Na taa za ngazi na za barabarani zinatengenezwa lini? Hilo la mwisho usilidharau, kwani balbu moja ingemuonyesha Liang kwamba ngazini palikuwa na mtu anayejiendea zake.