Mbona bashraf haiulizwi maana?

Onyesho la taarab asilia Unguja mara nyingi hufunguliwa kwa bashraf. Kanuni, udi, fidla na akodiani huingia pamoja, dumbak ikishika mwendo, na kwa dakika kadhaa haimbi mtu. Hamna kisa, hamna mpenzi aliyesalitiwa, hamna fumbo la kumpiga jirani. Muziki huo, wenye asili ya Uturuki na uliofika visiwani kupitia Misri, hutoka sehemu moja hadi nyingine na kila mara hurejea kipande kilekile, huku wasikilizaji wakitikisa vichwa. Bado hajatokea wa kumshika mpiga fidla mkono amuulize bashraf hiyo inamhusu nani.

Msikilizaji huyohuyo akisimamishwa mbele ya turubai lenye mabaka mekundu na mistari myeusi, lisilo na mtu, mnyama wala mnazi, swali humtoka kabla hajasogea karibu: hii ni picha ya nini? Asipopata jibu, huamua kwamba ni mchezo wa Wazungu, au wa wavivu wasiojua kuchora. Ajabu ni kwamba hata Mzungu aliyetajwa sana katika historia ya uchoraji dhahania, Mrusi Wassily Kandinsky, aliegemea muziki. Aliamini rangi inaweza kumgusa mtu kama sauti imgusavyo, na picha zake nyingi akazipa majina ya kimuziki.

Hilo la Uzungu halisimami Dar es Salaam. Katika miaka ya 1950 jiji hilo lilikuwa na wachongaji wa Kimakonde waliotoka Msumbiji, akiwemo Samaki Likankoa. Inasimuliwa kwamba sanamu yake ya binadamu ilivunjika mkono. Badala ya kuitupa, aliichonga upya hadi ikawa kiumbe kisichofanana na mtu wala mnyama. Mfanyabiashara Mohamed Peera akaipenda, akataka nyingine za namna hiyo, na mtindo wa shetani ukapata soko. Baadaye ukaja mtindo wa mawingu, uliokwenda mbali zaidi: mikunjo, matobo na vipinde vyembamba ambamo jicho au mkono huonekana kwa nadra, pengine usionekane kabisa.

Anayeuita huo uvivu hajashika tezo. Mpingo wanaouchonga ni mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini. Mchongaji huondoa mbao nyeupe ya nje mpaka akifikie kiini cheusi, kisha hufuata mipinda na nyufa za gogo lenyewe, kwa patasi, tupa na msasa. Pigo moja baya kwenye kipinde chembamba linaweza kuharibu kazi ya siku nyingi. (Mti huohuo ndio unaotengenezewa klarineti za okestra za Ulaya, kwa hiyo hata huko umezoea kusema bila maneno.)

Mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kuweka makazi Uingereza, naye husema bila maneno, kwa udongo. Hatumii gurudumu. Hufinyanga kwa mkono, hupaka tope laini, kisha husugua mpaka chombo king'ae chenyewe. Moto wenye hewa ya kutosha hukipa rangi ya machungwa iliyoiva; moto ulionyimwa hewa hukigeuza cheusi. Hakipikiwi chakula wala hakitekewi maji. Tumbo na shingo yake humkumbusha mtazamaji mwili wa mwanamke, ingawa hakuna mwanamke aliyefinyangwa.

Wababaishaji wapo, tena wengi: turubai hurushiwa rangi mchana mmoja, likapachikwa jina zito na bei nzito zaidi. Kuwatambua hakuhitaji shahada. Mnunuzi wa mkeka Pemba haulizi zile pembe za rangi ni picha ya nini. Hutazama kama ukili umekazwa sawasawa, kama rangi imeshika kwenye ukindu, na pale ukili mmoja ulipoungwa na mwenzake, kama pembe zimekutana au zimepishana. Zikipishana ovyo, bei hushuka. Turubai nalo likaguliwe kwa jicho hilo kali: wekundu ule unaubeba weusi au unazama ndani yake? Mstari umekatwa pale kwa sababu, au mkono ulichoka?

Majumba ya maonyesho nayo yana lawama. Vibandiko vingi ukutani huandikwa kwa Kiingereza, vikajaa nadharia, lakini havisemi kama rangi ilipakwa kwa brashi, kisu au kitambaa. Mistari miwili ya Kiswahili kuhusu jinsi kazi ilivyotengenezwa ingemfaa mgeni zaidi. Na bora kuliko kibandiko ni mchoraji mwenyewe kufanya kazi mbele ya watu, kama wafanyavyo wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, ambako mteja huliona gogo likichongwa kabla hajaanza kubishania bei.