Gari lililo juu ya mawe uani: litengenezwe au liuzwe?

Wiki hii naomba tutoke kidogo jikoni na kliniki, twende uani.

Kwetu Kibosho, kati ya migomba na mibuni, kulikuwa na Land Rover fupi ya turubai aliyoiacha babu. Ukifungua kamba, gari linabaki wazi juu. Yale magari ya anasa ya kufunguka paa ni nadra huku mlimani. La kwetu la kufunguka lilikuwa hilo. Babu alishushia nalo kahawa. Alipofariki likawekwa juu ya mawe, turubai likaoza, kuku wakaanza kuatamia kwenye kiti cha nyuma. Kila Desemba tukirudi nyumbani tulikaa kikao na kusema, "Mwakani tunalitengeneza." Tulisema hivyo miaka kumi na moja.

Desemba iliyopita nilimkuta mtoto wa dada yangu, mwenye miaka minne, akipika ndani ya gari hilo. Sufuria yake ilikuwa kizibo cha soda. Wali wake ulikuwa unga mweupe alioukwangua kwenye vichwa vya betri. "Karibu wali, mama mdogo," akaniambia. Mdogo wake alikuwa ameshaonja.

Tuliwaosha mikono na midomo kwa maji mengi, tukawapeleka hospitali siku hiyo hiyo. Wako salama. Lakini unga ule unaweza kuwa na madini ya risasi pamoja na masalia ya asidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na mtoto mdogo hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi aliyoimeza kuliko mtu mzima.

Betri si hatari pekee. Land Rover nyingi fupi za zamani zina tangi la petroli chini ya kiti cha mbele, palepale mtoto anapokaa kujifanya dereva. Pedi za breki za magari ya zamani mara nyingi zilikuwa na asbesto. Vumbi lake halipulizwi wala halifagiliwi watoto wakiwa karibu. Matairi yanayotuama maji ni mazalia ya mbu wa dengue. Na gari la kufungwa vioo likikaa juani hugeuka tanuri kwa dakika chache. Mtoto akijifungia humo anaweza kufa.

Mzazi, shika na hili: mtoto akinywa petroli, usimtapishe na usimpe maziwa ukidhani yanaua sumu. Akitapika, petroli inaweza kuingia kwenye mapafu. Mvue nguo zilizomwagikiwa, mwoshe ngozi, mkimbize hospitali.

Tulipopendekeza kuuza, baba mkubwa alikataa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshakuja na bei ya kilo. "Huyo anataka kumkata baba vipande," alisema, akaondoka kikaoni. Sikumlaumu. Alijifunza kuendesha kwenye gari lile.

Kilichotupatanisha ni kujua kwamba gari bovu linaweza kuuzwa kama gari, kwa mtu wa kulifufua. Land Rover zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu baada ya vita, ndiyo maana bodi zake ni za alumini. Bodi haili kutu kama mabati ya kawaida. Kinachooza ni chasisi iliyo chini. Wapenzi wake wapo jirani tu: Oktoba 2024 walikusanyika Arusha kwa tamasha lao.

Haya ndiyo tuliyojifunza katika kuuza.

Kwanza, karatasi. Gari la marehemu haliuzwi kwa kikao cha ukoo peke yake. Anahitajika msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, ndipo umiliki uhamishwe TRA. Tafuteni kadi ya gari mapema. Ya kwetu ilikuwa ndani ya Biblia ya bibi.

Pili, sema ubovu wote. Tulipiga picha za chasisi iliyotoboka, injini isiyowaka na kiti cha kuku. Tukaandika wazi kwamba gari haliendi, ni la kufufua. Ukificha, mnunuzi atagundua akishalala chini na nyundo yake, na bei itashuka kwa hasira.

Tatu, msing'oe vitu. Taa, dashibodi na vyuma vya kushikia turubai ndivyo anavyotafuta mfufuaji. Kijana wa nyumbani akiuza taa kimojakimoja, mwishoni mtabaki na mnunuzi wa kilo.

Nne, msisubiri mnunuzi ndipo muwalinde watoto. Siku ile ile fundi alitoa betri na kumwaga petroli iliyobaki, bila kuinyonya kwa mpira mdomoni. Betri mbovu ipelekwe kwa wanaozikusanya, isipasuliwe nyumbani.

Aliyelinunua ni fundi kutoka Arusha. Alipolikokota, baba mkubwa alikaa nyuma ya usukani hadi barabara kuu, akashuka, akampa hendeli ya kuwashia. "Likiwaka, nipigie nisikie," akamwambia.

Bado hajapigiwa. Uani pameota majani, na watoto wanapika wali wa mchanga.

Kama kwenu lipo gari linalosubiri, wekeni tarehe ya kulitengeneza leo, na iandikwe. Tarehe ikipita, liuzwe. Lakini betri itolewe kabla ya chakula cha jioni.